Karatasi yenye leta haiwezi kukimbia

Wandugu na wadada wa Ibanda, Kadutu na Bagira, na nyie wa Mudaka, Miti na Kavumu wenye munatusoma ku simu,

Sisi ni vijana wenye diploma na bila kazi. Mu iniversite na mu institi zetu tuliandika TP nyingi, kisha TFC, na wengine memwari. Walitufundisha kuweka problematiki, ipoteze na metodoloji. Walitufundisha kuanza na maana ya kila neno mpaka ukurasa wa kumi na tano. Mwenzetu mmoja alirudishiwa kazi yake juu haikufika kurasa 60. Hakuna mtu aliuliza kama ndani yake kuko kitu chenye mkubwa fulani anaweza kufanya kesho asubui.

Lakini kuko kozi moja yenye inapita haraka, mara nyingi mwisho wa mwaka wakati kila mtu anawaza deliberasio. Ni ile ya kuchambua politiki za leta. Politiki hapa haiko mambo ya vyama na kura. Ni kile leta inachagua kufanya ao kuacha, ile ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaita sera. Kazi ya ile kozi ni fupi kusema: chagua politiki moja, andika karatasi iliyo wazi na yenye usawa. Wengi wanaifanya kwa kopi-kole ya usiku moja. Sisi tunasema hii: kati ya yote tuliyofundishwa, ile kazi njo inaweza kutusaidia zaidi. Megafone inaamsha watu. Karatasi nzuri inamfungia mkubwa mlango wa kukimbilia.

Ili tusiongee hewani, tuchukue politiki moja yenye inagusa kila nyumba: gratwite ya masomo ya msingi. Na tuitazame kutoka Mudaka, pale ku barabara ya kitaifa namba 2, kati ya Bukavu na uwanja wa ndege wa Kavumu, mu teritware ya Kabare. Pale soko, masomo na barabara viko karibu. Mzazi anauza maharagi, ndizi na mihogo, na mtoto wake anapita mbele yake na inifomu akienda darasani ao akirudishwa.

Kwanza, swali moja

"Gratwite ni nzuri ao ni mbaya?" Hiyo haiko swali ya karatasi. Hiyo ni swali ya kugawanya watu ku nganda. Mzazi atajibu nzuri, mwalimu bila mshahara atajibu mbaya, na wote wawili watakuwa na haki. Utaandika kurasa 40 na mwisho utasema "iko na faida na hasara". Mkubwa atakushukuru sana, juu haukumwomba kitu.

Swali ya karatasi iko hivi: leta ifanye nini, mu bajeti yenye inakuja, ili mtoto wa Mudaka asome bila kulipa na mwalimu wake alipwe kila mwezi? Angalia vizuri. Iko na mwenye kujibu, ni leta. Iko na wakati, ni bajeti yenye inakuja. Iko na vitu viwili vyenye vinapaswa kwenda pamoja, mtoto na mwalimu. Ukikosa kimoja, haujajibu. Swali ikikaa namna hii, nusu ya kazi imeisha.

Pili, tenganisha sheria, ahadi na kilichofanyika

Hapa njo karatasi nyingi zinaanguka. Zinachanganya vitu vitatu.

Sheria inasema nini? Katiba ya 18 Februari 2006, artikle ya 43, inasema masomo ya msingi ni lazima na ni bure mu masomo ya leta. Sheria ya 11 Februari 2014 juu ya elimu ya kitaifa inarudilia hivyo. Kwa hiyo gratwite haiko zawadi ya raisi yeyote. Ni deni.

Ahadi zilikuwa zipi? Mwaka 2010 leta ilianza kidogo kidogo na madarasa ya chini, lakini Kinshasa na Lubumbashi zilibaki nje. Mu Septemba 2019, chini ya Félix Tshisekedi, ikatangazwa kwa madarasa yote ya msingi mu inchi nzima. Mu Juni 2020 Banki ya Dunia ikakubali milioni 800 za dola kusaidia elimu ya Kongo na hiyo gratwite.

Na nini kilifanyika? Hapa usiandike ile umesikia ku taksi. Nenda. Watoto walijaa, hilo kila mtu aliliona. Mabanki na vyumba havikuongezeka kwa mwendo wa watoto. Walimu wengi waliendelea kufundisha bila kulipwa na leta. Wale wanaitwa NU, ni kusema vitengo vipya: wanafundisha lakini hawajaingia mu listi. Na NP, wale wanajulikana mu listi lakini franka haifiki. Mbele ya 2019 hao walikuwa wanakula franka ya wazazi. Leta ilipofunga ile mfuko, haikuwafungulia wote mwingine.

Ukiandika hivi, msomaji anaona penye shimo iko: kati ya ahadi na malipo. Haiko kati ya mzazi na mwalimu.

Tatu, eleza shida ilitoka wapi

Kuko vijana wenye wanafikiri wazazi walianza kulipa walimu juu ya wakubwa wa masomo kupenda franka. Haiko hivyo. Ile primu ya motivasio ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati leta ya Zaire iliacha kulipa walimu vizuri, walimu wakagoma, na wazazi pamoja na makanisa wakakubali kuchanga ili watoto wasipoteze miaka. Ilikuwa dawa ya muda. Ikakaa karibu miaka 30.

Na makanisa yanaingia wapi? Leta ilichukua masomo mu 1974. Mu 1977 ikarudisha uongozi wake mu mikono ya Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu kwa mkataba. Njo maana mpaka leo masomo mengi ya leta yanaongozwa na makanisa, na walimu wake wanapaswa kulipwa na leta. Mwenye kuongoza haiko mwenye kulipa. Ukikosa kuandika sentensi hii moja, msomaji hataelewa kwa nini kila mtu anarusha mpira kwa mwenzake.

Historia mu karatasi ya politiki haiko mapambo. Weka tu ile yenye inaonyesha kwa nini dawa fulani ilishindwa. Leopold II hana kazi hapa.

Inne, mpe kila mtu maneno yake

Hii njo maana ya usawa. Wengi wanafikiri usawa ni kugawa karatasi nusu kwa nusu, ama kuongea polepole ili mtu asikasirike. Hapana. Usawa ni kuandika hoja ya mwenzako kwa namna yeye mwenyewe akisoma, atasema: eeh, hivyo njo niliwaza.

Basi fanya desente ku Mudaka siku ya soko. Keti na mama mwenye kuuza. Usimuulize "unaonaje gratwite?" Muulize: mwaka jana ulilipa nini ku masomo? Ulilipa wapi, na walikuambia ni ya nini? Ni mtoto gani alibaki nyumbani? Atakuambia kama kuko makato yenye ilibadilisha jina tu. Atakuambia pia furaha yake, juu mzazi mwenye watoto wanne anaona tofauti haraka.

Kisha nenda kwa mwalimu. Mwalimu wa mjini atasema: primu ya wazazi ilikuwa kubwa kupita mshahara wa leta, mumeniondolea ile kubwa na mumeniachia ile ndogo. Ana haki. Mwalimu wa kijijini, penye wazazi hawakuwa na cha kutoa, anaweza kusema kinyume: kama leta inalipa kweli, mimi napata kupita zamani. Yeye pia ana haki. Unaona? Ata "walimu" hawako kundi moja. Gratwite ileile inamkata wa Ibanda na inaweza kumsaidia wa Kabare. Karatasi yenye inasema "walimu wanakataa" inadanganya wawili kwa neno moja.

Uliza pia mkubwa wa masomo. Zamani alinunua chaki na kutengeneza paa na franka ya wazazi. Sasa anangoja franka ya kazi ya ofisi itoke Kinshasa. Isipofika, anafanya nini mvua ikianguka? Na uliza mzazi mwenye mtoto wa segonderi, juu pale gratwite haijafika. Masomo yenye yana msingi na segonderi pamoja yanaweza kutafuta kule juu kile yalikosa huku chini. Mzazi aliyepumua miaka sita anakutana na mzigo mwaka wa saba.

Na uliza mtoto. Mu karatasi nyingi juu ya elimu mtoto anahesabiwa, lakini hakuna mtu anamuuliza. Yeye anajua wako wangapi ku banki moja, na mwalimu alikosa siku ngapi.

Tano, weka njia zote ku meza, ata ile haupendi

Kosa la kawaida ni kuleta njia moja tu, yako, kisha kuisifu. Mkubwa akikuuliza "na kama tungefanya vile?", unakwama. Weka njia zaidi, na kati yao weka ile ya kutofanya kitu, juu leta yetu inaipenda sana hiyo.

Njia ya kwanza: tuache ginsi iko. Bei yake haionekani mu bajeti, lakini walimu wa NU wanailipa na njaa, na watoto wanailipa na siku za mgomo.

Njia ya pili: turudishe primu ya wazazi. Faida yake ni ya kweli, mwalimu anaona franka mwezi uleule. Lakini inavunja artikle ya 43, na wa kwanza kutoka darasani ni mtoto wa yule mama wa soko. Kwa kawaida ni binti.

Njia ya tatu: tuendelee na gratwite, lakini leta isafishe listi kwanza, itoe majina ya mizimu, kisha iingize NU na NP kwa zamu yenye tarehe, ikianza na masomo yenye walimu wengi hawalipwi. Listi ya kila masomo ibandikwe ku mlango, wazazi na walimu waione. Inaomba franka, na inaomba kugusa watu wenye wanakula ku ile listi. Hiyo shida ya pili ni ngumu kupita ya kwanza, na karatasi inapaswa kusema hivyo wazi.

Njia ya inne: wazazi watoe kitu kidogo, kwa hiari, kwa kujenga tu na haiko kwa mshahara. Inaonekana nzuri. Lakini sisi wote tunajua "hiari" ya inchi yetu. Mwezi wa tatu mtoto wa mwenye hakutoa anasimama nje. Kama unaileta hii, andika nani atakataza hilo, na kwa adabu gani.

Kisha pima zote na kipimo kilekile: inafuata sheria? Inagarimu nini, na nani analipa? Leta iko na watu wa kuifanya? Nani anaumia? Usipime njia yako kwa faida na ya mwenzako kwa hasara. Hapo njo uongo unajificha mu karatasi zenye zinaonekana za kisayansi.

Sita, tazama majirani

Sisi hatuko wa kwanza. Uganda ilifungua masomo ya msingi bure mu 1997, Tanzania ikafuta karo mu 2001, Kenya mu 2003, Burundi mu 2005. Mu Kenya mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mu 2004 akiwa na miaka 84. Na kote walikutana na shida yenye tunaijua: watoto walifika mbele ya walimu, mbele ya vyumba, mbele ya vitabu.

Tunapata nini hapo? Vitu viwili. Kwanza, kujaa kwa madarasa hakuonyeshi kama gratwite ni wazo baya. Kunaonyesha watoto walikuwa nje wakingoja. Pili, leta yetu ilitangaza gratwite ya madarasa yote mu inchi nzima miaka 22 nyuma ya Uganda na miaka 16 nyuma ya Kenya. Mwenye anasema "hatukujua watakuja wengi" tumjibu kwamba majirani walikuwa wamekwisha kuonyesha.

Lakini chunga. Usiseme "Kenya ilifanya, na sisi tufanye". Bajeti yao haiko yetu, na listi zao za walimu haziko zetu. Chukua somo, usichukue kopi.

Saba, chagua

Hapa tunataka tusikilizwe vizuri. Kuko watu wanasema karatasi ya usawa ni ya waoga. Kuko pia maprofesa wenye wanaangusha mwanafunzi akichagua upande, wakisema "umekosa objektivite". Wote wanachanganya. Usawa unakaa mu kupima. Ukimaliza kupima, unapaswa kusema.

Sisi, kwa yote tumepanga hapa juu, tunachagua njia ya tatu. Gratwite ibaki, listi isafishwe na ibandikwe, walimu waingizwe kwa tarehe yenye kila mtu anajua. Hatuchagui juu ni tamu. Njo pekee yenye haimlipishi mtoto ao mwalimu makosa ya mtu wa tatu. Na tunaandika pia nini kingebadilisha wazo letu: kama ingeonekana kwamba ata listi ikisafishwa franka haitoshi, basi ingepaswa kuongea juu ya kodi na migodi mbele ya kuongea juu ya mfuko wa mzazi. Mwenye kuandika hivyo si mdhaifu. Ameonyesha anatafuta jibu, hatafuti ushindi.

Mwisho, fupisha

Kurasa mbili, tatu kama ni lazima. Jibu liwe juu kabisa, lisiwe ku ukurasa wa mwisho. Mkubwa anasoma mistari mitano mbele ya kupokea simu. Kila namba iwe na mwenye aliitoa. Kila "inapaswa" iwe na mtu: haitoshi "inapaswa hatua zichukuliwe", andika nani, lini, na franka ya wapi. Tupa maneno ya kujipamba. Kama mama wa Mudaka hawezi kufuata hoja yako ukimwelezea mu Kiswahili ao mu Mashi, ni hoja haijaiva. Andika Kifaransa kwa ofisi, lakini ipimie kwanza ku soko.

Tunasikia tayari wenye wanasema: leta haisomi. Na wengine: mu inchi ya vita, karatasi ni ya nini? Tunajibu wote wawili. Artikle ya 27 ya katiba inampa kila Mkongomani, yeye peke yake ao pamoja na wenzake, haki ya kupeleka petisio kwa mkubwa wa leta, na mkubwa anapaswa kujibu mu miezi mitatu. Petisio yenye sahihi mia na maneno "tunateseka" inajibiwa "tumesikia". Petisio yenye karatasi ya kurasa mbili ndani, na njia ine, na bei, na tarehe, kuijibu ni kuchagua. Na asipojibu, siku ya tisini tunajua ginsi ya kusimama mbele ya ofisi yake, na tunajua tunaomba nini, kwa neno kamili.

Juu ya vita: silaha ikinyamaza siku moja, wenye watakaa ku meza ya kupanga masomo, maji na barabara ni wenye watakuja na kitu kimeandikwa. Hatutaki iwe tena wataalamu wa mbali wenye hawajapita Mudaka ata na gari iliyofunga vioo.

Kwa hiyo, wandugu, hii njo tunaomba. Wenye wangali mu iniversite, ile kazi ya mwisho wa mwaka musiifanye kwa kopi-kole. Chagueni politiki moja yenye inagusa kwenu: maji ya Kadutu, takataka za Bagira, kodi za soko, barabara ya Kavumu, makala yenye inatoka ku misitu. Na sisi wenye diploma ku ukuta, wakati tuko nao. Hakuna bosi wa kutuambia tutoke saa kumi. Tufanye vikundi vya watu watatu: mmoja anasoma sheria na bajeti, mmoja anashuka kusikiliza, mmoja anaandika. Kisha mwingine, mwenye hakubaliani na nyie, asome mbele haijatoka. Huyo wa mwisho musimsahau. Njo atawaokoa.

Kutembea barabarani tutaendelea. Lakini tukifika mbele ya mlango, na mlango ukifunguka kweli, mkono usiwe mtupu.